Iodeti: ndani ya chupa ya maabara na ndani ya chumvi ya Kasese

Hotuba kwa wanafunzi wa S.5 na S.6 (madarasa mawili ya mwisho ya sekondari), walimu, wazazi na wauza chumvi wa Kasese, magharibi mwa Uganda, katika siku ya sayansi

Waheshimiwa walimu, wazazi wetu, akina mama na akina baba mliofunga vibanda vyenu sokoni mje kusikiliza habari za kemia, na ninyi wanafunzi, hamjambo. Tumekubaliana kuzungumza Kiswahili kwa sababu humu ukumbini wamo Wakonzo, Wasongora, Watoro na Wanyankole, na wamo wageni waliovuka mpaka wa Mpondwe kutoka Kongo. Lugha inayotufanyia biashara kila siku haishindwi kutufanyia kemia.

Mezani hapa nimeweka vitu viwili. Kimoja ni chupa ya kahawia kutoka kabati la maabara. Kibandiko chake kina alama ya duara lenye ndimi za moto juu yake, maana yake kilichomo humu hulisha moto. Kingine ni pakiti ya chumvi ya nusu kilo, ile ile mnayouza na kununua. Ndani ya vyote viwili mna potasiamu iodeti, KIO₃, kemikali yenye madini joto, yaani iodini. Kwenye chupa ipo yenyewe tupu, unga mweupe. Kwenye chumvi ipo kidogo mno, miligramu hamsini hivi katika kilo nzima.

Neno langu leo ni moja. Iodeti ina nguvu nyingi, na nguvu hiyo inatawaliwa na asidi. Ukijua asidi ipo wapi na haipo wapi, utajua kwa nini chumvi hii hukaa miezi dukani bila kupoteza madini joto yake, kwa nini kipimo cha chumvi hugeuka buluu, na kwa nini kipimo hichohicho kinaweza kumpa mtu jibu la uongo akikitumia kwa chumvi ya Ziwa Katwe letu.

Tuanze na nguvu yenyewe. Iodini iligunduliwa mwaka 1811 na Mfaransa Bernard Courtois, aliyekuwa akitengeneza shura, chumvi ya kutengenezea baruti, kwa majivu ya mwani wakati wa vita vya Napoleon. Alipozidisha asidi ya salfuriki, mvuke wa zambarau ulipanda. Iodini ya namna ile ni atomi mbili zilizoshikana, haijapoteza elektroni wala haijapata. Kila atomi ikipata elektroni moja inakuwa iodaidi, I⁻, tulivu na isiyo na rangi. Ndani ya iodeti hali ni kinyume. Atomi moja ya iodini imezungukwa na oksijeni tatu, nasi huihesabu kuwa imepungukiwa elektroni tano. Kitu kilichopungukiwa hivyo hutafuta cha kunyang'anya. Ndiyo maana potasiamu iodeti tupu haichanganywi na makaa, salfa, fosforasi nyekundu wala sukari. Wanafunzi, hilo si jambo la kujaribu nyuma ya bweni. Ukiipasha joto sana huachia oksijeni yake yote na kubaki potasiamu iodaidi, na oksijeni hiyo ikikuta kitu kinachoungua, moto hauhitaji hewa ya nje. Tena mtu akiimeza kwa wingi inadhuru macho: kuna watu waliopoteza uwezo wa kuona kwa kupewa vipimo vikubwa kupita kiasi. Kwa kiasi kilichomo kwenye chumvi haina madhara hayo, lakini ni kitu kilekile. Nataka mkiheshimu.

Sasa tazameni. Kwenye bilauri hii nina maji, chembe za potasiamu iodeti, chembe za potasiamu iodaidi, na uji mwepesi sana wa unga wa muhogo uliochemshwa ukapoa. Vyote vimo pamoja na hakuna kinachotokea. Mnaona maji tu, yana ukungu kidogo kwa ajili ya muhogo. Mwenye kupungukiwa elektroni na mwenye elektroni za kutoa wamekaa bilauri moja, na hawagusani. Sasa naongeza asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, matone machache.

Mmeona wenyewe. Buluu nzito, karibu nyeusi, kwa kufumba na kufumbua.

Kwa wanafunzi naandika ubaoni:

IO₃⁻ + 5I⁻ + 6H⁺ → 3I₂ + 3H₂O

Kwa wasiosoma kemia nasema hivi: iodeti moja inachukua elektroni kutoka kwa iodaidi tano, oksijeni zake tatu zinageuka maji, na iodini yote sita inatoka ikiwa huru. Iodini hiyo huru huingia ndani ya nyuzi za wanga, ambazo zimejisokota kama springi ya kitanda, na kupangika humo mstari mmoja. Mpangilio huo ndio unaotoa buluu. Lakini angalieni pale katikati: H⁺ sita, nazo ndizo asidi. Bila hizo, oksijeni za iodeti hazina pa kwenda, hivyo haziachilii. Mwaka 1904 Saul Dushman alipima mwendo wa mmenyuko huu, na sheria aliyoipata inasema kasi hufuata kiasi cha iodeti, kiasi cha iodaidi kikizidishwa kwa chenyewe, na kiasi cha asidi kikizidishwa kwa chenyewe. Maana yake, ukiongeza asidi mara kumi, kasi inapanda mara mia. Na ukitoka pH 1 hadi pH 7 (pH ni kipimo cha ukali wa asidi, namba ikipanda asidi inapungua), asidi imepungua mara milioni, na kwa sheria hiyo kasi imepungua mara milioni kuzidisha milioni. Si ajabu kwamba bilauri ilitulia kabla ya matone yale.

Kuna jambo lingine ambalo kila mwaka naona wanafunzi wanalipita haraka, nalo ndilo linalonipendeza kuliko yote. Mmenyuko huu unarudi nyuma. Chukua iodini, itie kwenye potasiamu haidroksaidi ya moto, alikali kali, yaani kinyume cha asidi, na iodini itajigawa yenyewe: sehemu kubwa inakuwa iodaidi, sehemu ndogo inakuwa iodeti, kwa uwiano uleule wa tano kwa moja. Kwenye asidi zinakutana na kuwa iodini. Kwenye alikali iodini inaachana na kurudi kuwa zile mbili. Viwandani njia hii ya alikali ni mojawapo ya njia za kutengeneza iodeti inayowekwa kwenye chumvi.

Na iodini ya kiwanda inatoka wapi? Nyingi duniani inatoka Chile, katika jangwa la Atacama, ambako mvua ni adimu mno. Huko iodini imelala ardhini ikiwa iodeti, imeshikana na kalsiamu, katika tabaka moja na naitreti. Wachimbaji huiyeyusha kwa maji, kisha hugeuza sehemu ya iodeti kuwa iodaidi kwa kutumia bisalfaiti, kemikali ya salfa inayotoa elektroni, kisha huikutanisha hiyo iodaidi na iodeti iliyobaki, na iodini inaanguka chini. Ni mstari uleule niliouandika ubaoni. Kwa hiyo iodini iliyomo kwenye pakiti hii huenda ilitoka ardhini ikiwa iodeti, ikafanywa iodini, ikarudishwa kuwa iodeti, na kila mara aliyeamua inaelekea upande gani ni asidi au alikali.

Mfaidike na jingine la bisalfaiti, ingawa nitalipitia upesi. Hans Heinrich Landolt, katika miaka ya 1880, alichanganya iodeti, bisalfaiti na wanga, akaona maji yanakaa bila rangi kwa muda, kisha ghafla yanageuka buluu yote kwa pamoja. Sababu ni kwamba bisalfaiti inaimeza kila iodini inayozaliwa na kuirudisha kuwa iodaidi. Siku bisalfaiti inapokwisha, iodini haina tena wa kuimeza, na rangi inatokea mara moja. Mwalimu wenu ana vifaa, mwombeni awaonyeshe, mpime sekunde na mchore grafu.

Narudi kwenye chumvi. Kwa nini tunaweka iodeti na si iodaidi? Uswisi na Marekani, zilizotangulia katika miaka ya 1920, zilianza na iodaidi. Lakini iodaidi ikikutana na hewa, unyevu na jua, oksijeni huinyang'anya elektroni, iodini huru inatokea, na iodini huru huwa mvuke ikaenda zake. Gunia linabaki la chumvi tupu. Iodeti tayari imekwisha kunyang'anywa, oksijeni ya hewa haina cha kuifanya. Katika nchi za joto na mvua kama yetu, ambako chumvi husafiri kwa lori kutoka pwani ya Kenya, ikalala ghalani, ikapandishwa boda boda hadi vijiji vya Rwenzori, hicho ndicho kinachofaa.

Na sisi hapa tunaihitaji kuliko watu wengi. Udongo wa milimani umesafishwa na mvua kwa maelfu ya miaka, na iodini yake imeteremka na mito. Matoke, mahindi na maharage yanayoota juu ya udongo huo hayawezi kuwa na kile ambacho udongo hauna. Wazee mliomo humu mnakumbuka shingo zilizovimba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watoto wa shule walipopimwa katika maeneo kadhaa ya Uganda, zaidi ya nusu yao walikutwa na rovu. Ng'ambo ya pili ya mpaka, kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu kilijulikana kwa wataalamu wa dunia nzima kwa sababu ya rovu, na huko ndiko walikochunguza pia jinsi muhogo usioandaliwa vizuri unavyozidisha tatizo, maana sumu yake ikishughulikiwa mwilini inakuwa thayosayaneti, inayoizuia iodini isiingie kwenye tezi ya shingo. Lakini rovu ndiyo inayoonekana tu. Mtoto ambaye mama yake alikosa iodini wakati wa mimba anaweza kuzaliwa na ubongo usiokua sawasawa, na hakuna dawa ya kurudisha kilichopotea miezi ile. Hilo ndilo linaloniumiza moyo, kwa sababu kinga yake ni rahisi kiasi hiki.

Hesabu yake ni hii. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za iodini kwa siku, mjamzito 250. Chumvi yenye miligramu 30 za iodini kwa kilo, mtu akila gramu 5 kwa siku, anapata mikrogramu 150 kamili. Ili kufikia kiasi hicho, tani nzima ya chumvi inahitaji gramu 51 hivi za potasiamu iodeti, kwa kuwa asilimia 59 ya uzito wake ni iodini. Ikiingia mwilini, mwili huigeuza iodeti kuwa iodaidi, tezi ya shingo huichota kutoka kwenye damu, na kuijenga ndani ya homoni. Molekuli moja ya homoni hiyo hubeba atomi nne za iodini.

Kuna wanaodhani chumvi ya bahari haihitaji kuongezwa kitu kwa kuwa bahari ina iodini. Bahari inayo kweli, na sehemu kubwa imo katika hali hiihii ya iodeti. Lakini lita moja ya maji ya bahari ina mikrogramu 60 hivi tu, pamoja na gramu 35 za chumvi. Hata kama yote ingebaki kwenye chumvi, haifiki miligramu 2 kwa kilo. Chumvi bila kuongezewa ni chumvi tu, iwe ya Malindi, ya Kibiro kule Ziwa Albert, au ya Katwe.

Sasa Katwe. Hapa naomba akina mama wa chumvi wanisikilize pamoja na wanafunzi, maana jambo hili haliko kwenye vitabu vingi vya shule.

Ziwa Katwe limo ndani ya kreta, shimo la volkano, halina mto unaotoka. Kila kilichoyeyuka kutoka kwenye miamba kimebaki humo. Wafalme wa Bunyoro na Toro walipigania ziwa hili, na familia bado zinarithishana vidimbwi vyake. Maji ya bahari yana hasa kloraidi, ile ya chumvi ya kawaida; ya ziwa hili yana zaidi ya hiyo. Yana salfeti nyingi, na yana kabonati nyingi, ndiyo maana yanateleza mkononi kama sabuni. Mchanganyiko huo ulikwisha kuonyesha ukali wake: kiwanda kikubwa kilichojengwa pale, magofu yake mnayaona hadi leo, kilisimama mapema miaka ya 1980 kwa sababu mitambo yake ililiwa na kutu.

Kabonati ni alikali. Chukueni kile kichupa kidogo cha kupimia chumvi, kile ambacho watu wa afya huja nacho sokoni. Ndani yake mna iodaidi, wanga na asidi kidogo. Ukidondosha kwenye chumvi safi yenye iodeti, asidi ipo, mmenyuko unakwenda, buluu. Ukidondosha kwenye chumvi yenye kabonati, tone linatoa povu. Povu hilo ni kaboni dayoksaidi, na ni ishara kwamba asidi imekwisha kutumika kabla iodeti haijapata nafasi. Tuseme gramu moja ya chumvi ina miligramu 100 za sodiamu kabonati. Hiyo peke yake inaweza kumeza karibu milimoli 2 za asidi (moli ni kipimo cha wanakemia cha kuhesabu chembe, na milimoli ni elfu moja ya moli). Matone mawili ya asidi ya moli 1 kwa lita yana milimoli 0.1 tu. Asidi imeshindwa mara ishirini. Hutaona buluu hata kama chumvi hiyo imenyunyiziwa iodeti ya kutosha, na mpimaji ataandika kwamba haina.

Dawa yake ipo na ni ya kemia hii hii. Kwenye vifaa vingine kuna kichupa cha pili chenye asidi zaidi, cha kurudia kupima chumvi yenye alikali. Unadondosha asidi mpaka povu liishe, halafu unaongeza tone la kipimo. Maabara ya shule inaweza kufanya hivyo kwa asidi iliyozimuliwa. Chumvi ghafi ya Katwe, ambayo haijaongezwa kitu, haitageuka buluu hata baada ya povu kuisha, na hapo ndipo utasema kwa haki kwamba haina.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Iodaidi iliyo ndani ya asidi, ikiachwa wazi juani, hewa huioksidisha polepole, na baada ya dakika kadhaa buluu hafifu inatokea hata kwenye chumvi isiyo na kitu. Kwa hiyo rangi husomwa mara moja, si baada ya kwenda kunywa chai, na pembeni huwekwa sampuli ya chumvi mnayojua haina iodeti ili mlinganishe. Tena msibishane juu ya buluu nzito na buluu nyepesi. Kichupa kinajibu ipo au haipo. Anayetaka kujua kiasi, afanye titresheni, yaani adondoshe kidogokidogo myeyusho unaojulikana mpaka rangi ibadilike, asome umekwenda kiasi gani.

Na titresheni ninyi wa S.6 mnaijua. Kwenye mtihani mnapewa potasiamu iodeti, mnaongeza iodaidi na asidi, mnapima kwa thayosalfeti, kemikali inayoimeza iodini. Fanyeni vivyo hivyo kwa gramu 10 za chumvi iliyoyeyushwa. Kila iodeti inatoa iodini tatu, na iodini tatu zinahitaji thayosalfeti sita, kwa hiyo kiasi kidogo kinakuzwa mara sita na kinasomeka kwenye bureti. Kwa thayosalfeti ya moli 0.005 kwa lita, kila mililita moja ni miligramu 10.58 za iodini kwa kilo ya chumvi. Mkisoma mililita 2.8 mko karibu na 30. Wanga wekeni mwishoni, rangi ikiwa imebaki ya manjano ya majani makavu; mkiutia mapema iodini nyingi inang'ang'ania ndani yake na mwisho wa titresheni unawapotea. Kwa chumvi ya Katwe, malizeni povu kwanza, ndipo muongeze iodaidi.

Kwenu wauzaji, machache. Iodeti inastahimili hewa, haistahimili uchafu wenye unyevu. Chumvi ikilowa, vumbi lenye chuma na takataka za mimea hupata nafasi ya kuinyang'anya oksijeni, na maji yenyewe yakivuja chini ya gunia huondoka nayo kwa kuwa inayeyuka. Gunia lisikae sakafuni, na mfuko uliofunguliwa ufungwe. Jikoni, chumvi itiwe chakula kikikaribia kuiva. Mkitia ndimu au nyanya nyingi, ndiyo, hiyo ni asidi, na sehemu ya iodini itapotea kwa mvuke, lakini sehemu nzuri inabaki, kwa hiyo msiache ndimu zenu.

Mama mmoja alinishika mkono mlangoni akaniuliza kama aache kuuza ya Katwe. Hapana, mama. Ng'ombe wanaihitaji, na watu wa Katwe wanakula kwa jasho la ziwa lile. Ila anayenunua ya kupikia aambiwe kwamba haina madini joto, na anunue pia ile ya pakiti. Wala mtu asichukue unga wa chupa hii ya maabara akachanganye nyumbani kwa kijiko. Gunia la kilo 50 linahitaji gramu 2.5 tu. Ukitia gramu 10 umezidisha mara nne, tena haitasambaa sawasawa: bakuli moja litakuwa halina kitu na jingine litakuwa na sumu. Kazi hiyo inataka mizani nzuri, myeyusho wa kunyunyiza, na kupima kila mara.

Mizani ipo shuleni hapa, na wanafunzi hawa wanaijua titresheni. Mwalimu amekubali wapime chumvi zenu wakati wa mazoezi ya maabara. Leteni gramu 50 za kila aina, mkichota katikati ya gunia na si juu, ndani ya kopo kavu lenye kifuniko, mkiandika ilikonunuliwa na ilianza kukaa lini. Zile za Katwe mziweke upande wake, tuzipime za mwisho.